Msaliti Tuliyetajiwa Mapema

Nilipokuwa shule ya msingi hapa Dodoma, mtaani kwetu Chang'ombe palikuwa na banda la video lililoezekwa kwa mabati chakavu na kuzungushiwa magunia, la aina ile ambayo watu huiita kibanda umiza. Tulilipa shilingi 100 na kubanana kwenye mabenchi yasiyo na egemeo, tukitazama filamu ambazo lugha yake hakuna hata mmoja wetu aliyeielewa. Kando ya televisheni aliketi kijana mwenye kipaza sauti ambaye kazi yake ilikuwa kututafsiria, naye alikuwa na tabia ambayo leo ingemletea matusi kutoka kwa wapenzi wa filamu: alitoboa siri. Filamu haijafika hata robo, tayari amekwisha kusema, "Mwangalieni vizuri huyo anayemkumbatia mwenzake. Huyo ndiye atakayemuuza."

Hakuna aliyedai kurudishiwa fedha zake. Tangu sekunde ile banda lilibadilika: msaliti alipoingia chumbani mabenchi yalinyamaza, alipocheka tulimchukia, na alipommiminia rafiki yake kinywaji, watoto waliinuka na kupiga kelele kuelekea kwenye kioo, "Usinywe! Usinywe, weee!" Kinywaji chenyewe hakikuwa na sumu, lakini jasho lilikuwa limekwisha kututoka.

Hulikumbuka banda lile kila ninaposoma hadithi za uhalifu na upelelezi zinazosambazwa siku hizi kwenye simu. Nyingi huanza kwa maiti, huendelea kwa maiti nyingine mbili, na kumficha muuaji hadi mstari wa mwisho, kana kwamba kumficha peke yake ndiyo sanaa. Maoni yangu ni kwamba waandishi hao wanachanganya kuficha na kusisimua. Hofu ya msomaji huzaliwa na kile anachokijua ambacho mhusika bado hajakijua, huku msomaji akiwa hana njia ya kumwonya. Msomaji asiyejua lolote hana cha kuogopea. Yeye husubiri tu, na kusubiri kuna mwisho wake.

Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili katika mazungumzo yake na Mfaransa François Truffaut ya mwaka 1962. Watu wawili wanazungumza mezani mambo ya kawaida, kisha bomu lililokuwa chini ya meza linalipuka: watazamaji wamepata mshtuko wa sekunde 15. Lakini wakionyeshwa mapema bomu likitegwa, na saa ikionekana ukutani, mazungumzo yaleyale ya kipuuzi yanawapa dakika 15 za taharuki. Sina shaka kwamba kijana wetu wa Chang'ombe hakuwahi kusikia habari za mazungumzo hayo. Yeye alikuwa na wateja mbele yake, na alisikia kwa masikio yake ni neno gani lililowafanya waache kutafuna karanga.

Najua msomaji makini ataniuliza kuhusu hadithi za mafumbo, ambazo utamu wake wote unategemea kutomjua mhalifu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye riwaya yake ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960, hakututajia jibu mwanzoni. Hata hivyo alitupa Najum, rafiki anayefuatana na Bwana Msa, anayeona mengi na kuelewa machache, nasi tukaketi begani mwake. Katika hadithi ya namna hiyo vitu viko mezani na maana yake ndiyo iliyositirika, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kuvificha vitu vyenyewe. Mwandishi anayemleta katika sura ya mwisho pacha wa marehemu kutoka Manyoni, ambaye hakutajwa mahali popote hapo kabla, amenidhulumu, na sitamkopesha tena usiku wangu. Majasusi ninawapita haraka. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tunayemfahamu tangu mwaka 1974, anasomwa na watu wanaojua kwamba hatakufa. Swali lao ni atatokaje, na swali hilo linatosha.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba waandishi wetu huazima helikopta, kasino na mikoba ya dola, ilhali mashine kamili ya taharuki iko katika sheria zetu wenyewe. Chukua jambo moja tu. Kwa mujibu wa sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai, mtu akishawekwa chini ya ulinzi, polisi wana muda wa msingi wa saa nne za kumhoji na kuchukua maelezo yake ya onyo, yaani yale anayoyatoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, isipokuwa muda huo umeongezwa kwa utaratibu uliowekwa. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi. Maelezo yaliyoandikwa nje ya muda yanaweza kukataliwa mahakamani hata kama kila neno lililomo ni la kweli, na rufaa si chache zimeamuliwa kwa kuhesabu saa hizo. Tayari una saa ukutani kama ile ya Hitchcock, na hukuhitaji baruti. Una askari mpelelezi anayejua kwamba aliyeketi mbele yake ndiye, una mtuhumiwa anayeomba maji kwa mara ya tatu, na una dakika zinazokwisha.

Chukua pia suala la kumtambua mtu usiku. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho ni wa aina dhaifu kabisa, na kwamba usitegemewe mpaka kila uwezekano wa makosa uwe umeondolewa. Ikaelekeza maswali ya kuuliza: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, palikuwa na mwanga wa namna gani, na je, alimfahamu kabla ya siku hiyo? Hukumu za baadaye zimekazia ukubwa wa mwanga wenyewe, na pia kama shahidi alimtaja mtu huyo mapema kwa watu wa kwanza waliofika. Sasa mweke shahidi huyo katika nyumba ya tembe kwenye kijiji kimoja cha njia ya Kondoa, mwezi wa saba, upepo wa baridi ukipenya mlangoni na koroboi likiyumba. Mama anaapa kwamba aliuona uso wa mtu aliyemuua mumewe. Sisi wasomaji tulikuwepo katika sura ya kwanza, na tunakumbuka kwamba mafuta ya koroboi yalikuwa yanaelekea kukauka. Tunajua pia kwamba mtu anayemtaja ni kweli alikuwa ndani ya nyumba ile. Je, tunataka mahakama imwamini? Nimejiuliza swali hili mara nyingi na jibu langu hubadilika kulingana na nilivyoamka.

Hapo ndipo hadithi ya uhalifu inapoacha kuwa mchezo wa kubahatisha. Msomaji anajikuta akitamani jambo ambalo, kwa kanuni ambazo yeye mwenyewe anaziheshimu, halipaswi kutokea, na kutamani huko kunamfunga kwenye kitabu kuliko damu yoyote. Ndiyo maana pia simhitaji mpelelezi shujaa. Mpelelezi anayepiga risasi bila kukosa hanipi cha kuhofia, lakini askari wa cheo cha chini ambaye kielelezo chake, yaani kitu cha ushahidi, kimepita mikononi mwa watu watano bila kuandikwa na nani alimkabidhi nani, huyo nitamfuata hadi alfajiri, kwa sababu najua wakili wa utetezi atauliza swali gani.

Nikiruhusiwa kuchepuka kidogo, treni ya umeme iliyoanza safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imewaharibia wahalifu wa kubuni kazi yao. Zamani mtu aliyeonekana Kariakoo saa mbili asubuhi alikuwa na kisingizio kizuri cha kutokuwepo kwenye mauaji yaliyotokea hapa Makole alasiri, kwa maana basi lilihitaji takribani siku nzima ya mchana kuimaliza barabara. Leo safari hiyo haifiki saa nne. Kwa upande mwingine tiketi ina jina la abiria, kwa hiyo yule yule aliyepoteza kisingizio amepata tatizo jipya, na mwandishi mwenye akili amepata sura nzima.

Kuna pia suala la "itaendelea". Nimekulia kwenye magazeti ya hadithi za mfululizo, na sina ugomvi na kukatishwa utamu, kwa kuwa hata bibi zetu waliahirisha ngano usiku moto ulipozimika. Ugomvi wangu ni na ahadi isiyolipwa: sehemu ya 14 inaishia mlango ukigongwa, sehemu ya 15 inatuambia aliyegonga ni muuza maziwa. Mara ya kwanza nitacheka. Mara ya tatu mlango ukigongwa sitainua macho, na mwandishi atalazimika kuongeza maiti ili anirudishe, kama mpishi aliyeharibu mchuzi akaamua kuongeza pilipili. Kijana wa Chang'ombe hakutudanganya hata siku moja. Alipotuambia fulani ni msaliti, ilikuwa hivyo, ndiyo maana tuliweza kuogopa kwa moyo wote.

Tangu mwezi uliopita ninajaribu kuandika yangu. Mtuhumiwa amekamatwa kijijini, upande wa Mpwapwa, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, na gari linalompeleka kituoni limepasuka gurudumu njiani, porini kwenye mibuyu. Msomaji anajua alipokizika kisu, kwa sababu nimekwisha kumwonyesha. Askari ameketi naye kwenye jiwe wakisubiri gurudumu la akiba, giza linaingia, na mtuhumiwa ameanza kuzungumza mwenyewe bila kuulizwa. Askari ana kalamu, na hana uhakika kama saa imekwisha kuanza kuhesabiwa.

Nimeikwamisha hapo kwa siku tisa.