Mpangaji wa Saa Nane Usiku

Jamani, jino! Halijafika hata punje ya mchele, lakini likitaka kutoka, nyumba nzima inakesha kama kuna msiba. Na linajua saa zake. Mchana mtoto ana kuku wa kumshangaa na simu ya baba ya kulamba, anasahau. Zima taa sasa. Amebaki yeye na ufizi wake, na saa nane hiyo king'ora kinalia.

Baba mtoto anakoroma kwa bidii ya mtu aliye macho.

Kukikucha, mtaa mzima ni madaktari. Mpake asali! Asali kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, yenye kuweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa hatari wa kupooza? Mvishe shanga! Ili usiku zimkabe? Halafu yupo yule bingwa wa "hiyo homa na kuhara ni meno tu". Meno gani, mwenzangu? Jino huleta udenda, hasira, labda kajoto kidogo. Kipimajoto kikisoma 38, au akaharisha, au akakataa kunyonya, huo ni ugonjwa, nenda zahanati. Kwenye miezi sita kinga aliyopewa na mama tumboni imeshapungua, na ndiyo umri wa kuokota kila kitu sakafuni na kutia mdomoni. Vijidudu vinafanya uhalifu, jino linakamatwa.

Na wale wa "meno ya plastiki" wapite mbali kabisa. Ule uvimbe mweupe wa ufizini wanaouchimbua kwa spoku ya baiskeli ni mbegu ya chonge. Mtoto anavuja damu, kidonda kinaoza, na jino la ukubwani huenda likaota bovu au lisiote.

Haya, usiku unaingia. Usingoje king'ora. Nawa kwa sabuni, kata kucha, msugue ufizi kwa kidole dakika moja au mbili, kabla ya kunyonya na si baada. Kitambaa safi cha pamba kilichoroweshwa maji yaliyochemshwa kiweke kwenye friji nusu saa, akitafune ukiwa umemshika. Kwenye friji, si kule kwenye barafu. Kitu kilichoganda kinaunguza ufizi. Huna friji? Maji hayohayo yakipoa mtungini yanatosha.

Akikung'ata wakati wa kunyonya, usimvute, utaondoka na jeraha. Mkumbatie karibu kidogo, ataachia, au ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake. Kupiga yowe ndiyo kabisa usijaribu: wengine huona ni mchezo, wanarudia.

Udenda nao! Vilio vingine vya usiku ni kidevu na shingo zinazowasha kwa kuloa, lawama zote kwa jino. Futa kwa kugusagusa, paka mafuta mazito ya mgando, vua bibu, mlaze chali ndani ya neti. Bila mto.

Akiwa bado anateseka, ndipo paracetamol ya maji. Kipimo hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mwenye kilo 8 anapata 80 hadi 120, yaani kama mililita 3.5 hadi 5 za chupa ya miligramu 120 kwa mililita 5. Soma chupa yako, maana hazilingani nguvu. Achia saa sita kati ya dozi, zisizidi nne kwa siku. Pima kwa kibomba cha kupimia dawa, si kijiko cha chai. Vijiko vya jikoni kila kimoja kina akili yake. Aliye chini ya miezi mitatu asipewe bila mhudumu wa afya. Aspirini, hapana. Jeli za ganzi zenye benzokeini pia hapana: mamlaka ya dawa ya Marekani ilizikemea mwaka 2018, kwa kuwa zinaweza kuizuia damu kubeba oksijeni. Na udenda unazisomba mara moja, hela imekwenda na mate.

Siku chache, jino limechungulia, maumivu yamepoa. Ila bwana mdogo ameshazoea kubebwa saa nane, anafika kazini kama mlinzi. Hapo mpapase palepale kitandani, taa imezimwa, bila maongezi. Atalalamika. Na alalamike.

Mawili ya chini yameingia, bado kumi na nane, hadi atimize kama miaka mitatu. Na hayo mawili yaliyotangulia kuingia ndiyo ya kwanza kuhama, akifika miaka sita hivi. Bila kulipa kodi hata ya mwezi mmoja.