Mkebe wa Biskuti wa Mama

Jumamosi iliyopita nilipiga foleni nusu saa nzima hapa Manchester, manyunyu yanimwagikia, nangoja mikanda yangu miwili iliyokwenda kusafishwa. Ndiyo, mikanda ya kamera. Ile ya picha 36, zikiisha zimekwisha. Mbele yangu vijana sita, hata mmoja sidhani alifika miaka ishirini na mitano, na kila mtu na kamera begani iliyotengenezwa yeye hajazaliwa. Zamu yangu ilipofika, kijana wa dukani akavaa glavu nyeupe za pamba, akazitoa negativu zangu, ile mikanda yenyewe yenye sura zilizogeuzwa weupe kwa weusi, zimekatwa sita sita, kila kipande ndani ya mfuko wake. Akaniambia kwa upole: picha tumekutumia kwenye simu, lakini hizi usizitupe.

Nilitoka pale nimefurahi, na roho yaniuma. Maana negativu za kwetu najua zilikokwenda.

Zilikwenda jaani. Kuna studio moja Mombasa, sitaitaja, ilipofunga maboksi yalitolewa barazani, na kufikia magharibi watoto tulikuwa twatazamia jua kwa nyuso za watu. Mabibi harusi, mahujaji wa miaka hiyo, watoto waliopakwa wanja, wote tumewashika kwa vidole vya maembe. Hayo ya utotoni nimejisamehe. Lakini mwaka 2009 tulipohama nyumba Kibokoni nilikuwa mtu mzima, na ni mimi niliyebeba mfuko wa negativu za ami yangu nikautia mkokotenini pamoja na takataka. Ami alikuwa amefanya kazi ya studio zaidi ya miaka ishirini. Alikaa pale kwenye kiti, akaona mkokoteni ukienda, hakusema neno.

Basi anayetaka kuniambia kwamba nimekwenda ng'ambo nikarudi na kiburi, aanzie hapo. Simlaumu mtu kwa nisilolifanya mimi.

Najua maneno yatakayokuja. Maji hayajatoka mferejini wiki ya pili, tokeni za stima zimepanda, na huyu aliyeko Uingereza aja kutuhubiria mikanda! Maji nayajua, yakhe. Mama yangu ndiye anayeamka saa kumi alfajiri kujaza mitungi, na hela ya mwenye mkokoteni naituma mimi. Lakini niambieni ni lini mabomba yalikuwa hayana matatizo tukazihifadhi hizo picha? Tulizitupa maji yakitoka na tulizitupa maji yasipotoka.

Wa pili atasema haya ni mambo ya Wazungu, wamechoka na simu wanatafuta mchezo. Kweli wameyarudia kwa nguvu. Mobberley, kijiji kilichopakana na uwanja wa ndege wa hapa, kina kiwanda cha mikanda ya Ilford, na Desemba 2023 wenyewe, kampuni ya Harman, wakatoa na mkanda wa rangi uitwao Phoenix. Kodak iliyokwenda mahakamani kufilisika Januari 2012 mpaka leo yatengeneza mikanda Rochester, Marekani. Pentax mwaka 2024 wametoa kamera mpya kabisa ya mkanda. Sawa. Lakini tangu lini picha ya studio ikawa ya Wazungu peke yao?

Miaka ya 1950 na 1960, ukitaka kupigwa picha ya maana Mombasa, studio ya N. V. Parekh ilikuwepo. Watu wakenda na nguo zao bora, wakakaa mkao walioupanga wenyewe nyumbani, mbele ya taa. Wale si watu wa kuonewa huruma, ni watu waliojua wanavyotaka kuonekana. Mwaka 2022 kikatoka kitabu kizima juu ya studio hiyo, na kimechapishwa huko huko nje. Pale Likoni, karibu na feri, wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye mapazia, maua ya plastiki na meli zilizochorwa kwa rangi kali. Mtu ametoka bara juzi, leo asimama mbele ya meli atume picha kwao. Tazameni na Bamako, kule Mali. Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948 nyumbani kwao, akapiga majirani zake, akazihifadhi negativu kwenye sanduku. Kwa sababu ya sanduku lile dunia yamjua. Mwenzake Malick Sidibé mwaka 2007 alipewa tuzo ya sanaa ya Simba wa Dhahabu kule Venice, Italia, Mwafrika wa kwanza kuipata kwa kazi ya kamera. Mali nao wana shida zao, tena kubwa kuliko zetu.

Sisi tuna Fort Jesus. Ilianza kujengwa 1593, na 2011 UNESCO wakaitia kwenye urithi wa dunia. Mizinga imepangwa, watalii waipiga picha. Mizinga ile ililetwa kutupiga sisi, nayo imehifadhiwa. Sura za bibi zetu zimo jaani.

Hapo ndipo hasira yangu inapotoka, si kwamba Manchester ni bora kuliko Mombasa. Hapa nalala saa nane mchana, nafanya zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, jirani wa ukuta mmoja hanijui jina mwaka wa kumi na moja huu. Hakuna anayenigongea mlango na sahani ya mahamri. Kitu kimoja tu wametuzidi: cha mtu aliyekufa hawakitupi haraka.

Na simu? Jamani, simu. Harusi ya dada yangu ilipigwa picha na simu kumi na saba. Leo hatuna hata picha moja ya maana. Moja iliibiwa ndani ya matatu, moja ilizama baharini pale Mama Ngina, kadi ya mpiga picha ikafa, zilizobaki ni vijipicha vilivyobanwa kwa WhatsApp hata macho hayaonekani. Ya mama yangu ya mwaka 1971 ipo.

Kuna jambo jingine, na wanawake wa Mombasa watanielewa bila kuelezwa. Siku ya kupamba, mlangoni yupo mama mwenye kikapu, simu zote ndani, maana twajua picha ya bibi harusi ikitoka pale asubuhi itaamkia Dubai. Mkanda hauna hatari hiyo. Negativu ni moja. Ukiishika wewe, picha ni yako. Bibi zetu walijua hivyo, wakaenda studio wakalipia picha na wakaidai na negativu yake, wakaifungia sandukuni na mitali yao. Kwa hiyo sisemi kila sura itundikwe ukutani watu waje kutazama. Mwenye kusitiri na asitiri. Kusitiri na kutupa ni mambo mawili mbalimbali.

Mama alifanya hivyo hivyo. Mwaka jana binamu yangu alinijia na mkebe wa biskuti, ndani negativu kumi na nne kubwa kubwa za kiasi cha kiganja cha mtoto, nyingine zimeingia ukungu kwa joto na chumvi ya pwani. Nikajifunza kuzisafisha picha mwenyewe, kwenye chumba cha giza cha kukodi kwa saa. Mafundi wa kwetu walifanya kazi hii kwa shida nisiyoijua zamani. Dawa ya picha nyeusi na nyeupe yataka iwe nyuzi 20, na maji ya Mombasa yatoka mferejini yana moto. Ami alikuwa akinunua barafu ya wavuvi, akiweka beseni ndani ya beseni. Nilidhani barafu ni ya sharubati.

Unaweka negativu kwenye mashine ya kukuzia, unahesabu sekunde, unazima. Karatasi bado nyeupe. Unaizamisha kwenye trei, chini ya taa nyekundu, unainua pembe ya trei polepole, dawa iende irudi. Sekunde kumi hakuna kitu. Kisha yaja kitu kama moshi, ikawa nywele, ikawa jicho. Weusi ule ni fedha, fedha yenyewe, chembe zake zilizogeuzwa na dawa. Mama yangu kwenye karatasi ile amechorwa kwa fedha ile ile ya kikuku chake.

Picha aliyopewa mama mwaka 1971 fundi aliipunguza kando. Mimi niliitoa yote mpaka ukingoni. Mama wa miaka kumi na tisa amekaa, leso mpya mabegani. Na upande wa kushoto, pale palipokatwa, kuna mkono umeshika pazia lisianguke, mkono wa mtu mzima, una bangili mbili.

Nikaituma kwa mtu anayesafiri. Mama akanipigia usiku, hakusalimu.

"Mwanangu, huo mkono umeuona?"

"Nimeuona, mama. Wa nani?"

"Wa nyanyako. Alikataa kupigwa picha maisha yake yote. Bangili hizo alizikwa tumezivua sisi."

Akanyamaza. Nikasikia adhana ya kwao kupitia simu.

"Nitolee nyingine. Mimi niondoe, uuweke mkono peke yake, mkubwa."

Nina zamu mpaka Alhamisi. Ijumaa nimekodi chumba kwa saa tatu.