Daktari wa Köln aliniuliza "kwa nini?"

Mbukwenyi wandugu. Leo sina habari za baridi wala bei ya unga wa ugali huku. Nina swali la daktari, limenikaa kooni kama mwiba wa perege wa Mtera tangu Jumanne.

Tulimpeleka kijana wetu kupimwa, ana wiki sita. Hapa Köln, Ujerumani, miadi ikiwa saa tatu na dakika kumi, ukifika na robo unatazamwa kama mwizi wa kuku. Tulifika mapema, mtoto akapimwa, uzito mzuri. Nikaona niulizie na tohara, kwa sauti ileile ya mtu anayeulizia chanjo. Daktari akaacha kuandika. "Kwa nini?"

Hakuwa mkali. Nikasema ni desturi yetu Wagogo. Akasubiri, kama vile sijamaliza. Nikaongeza: usafi. Akaniambia kwa upole kwamba kuosha kunatosha, na maji yapo. Ningemjibu nini? Huku kweli maji hayakatiki.

Kwenye tramu nikajipa moyo kwamba swali lenyewe liliwahi kuwashinda wao. Mwaka 2012 mahakama ya mji huuhuu ilisema kumtahiri mtoto kwa sababu za kidini ni kumjeruhi. Ilikuwa kesi ya mtoto wa Kiislamu wa miaka minne aliyevuja damu baada ya kutahiriwa na daktari. Daktari aliachiwa, lakini moto ukawaka. Waislamu wakaja juu, na Wayahudi pia, ambao hutahiri siku ya nane. Na Ujerumani, kwa historia yake, haiwezi kumwambia Myahudi kwamba mila yake ni jinai halafu ikalala usingizi. Desemba hiyohiyo Bunge likapitisha sheria kwa kura 434 dhidi ya 100: wazazi ruksa, mradi ifanywe kitaalamu, na mradi mtoto hajafikia akili ya kujiamulia. Kwa hiyo ruhusa ninayo. Bima hailipi, natoa mfukoni, mama mtoto naye akubali, basi. Kinachoniudhi ni kwamba wamenipa ruhusa na lile "kwa nini" wakaniachia mwenyewe nilibebe.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Ilikuwa kipupwe, upande wa Mvumi, Dodoma, mtama umeshavunwa, na ule upepo mnaoujua unapasua midomo. Tulikuwa saba, mimi mdogo kuliko wote, miaka kumi. Ganzi hakuna. Wembe ulikuwa mpya kwa kila mmoja, maana ukimwi ulishatisha watu. Nililia kwa ndani. Halafu wiki tatu ikumbini, yaani kambi ya jando: nyimbo za makumbi usiku, mafumbo ambayo ukikosea unachapwa, namna ya kumwamkia mkwe, kugawana nyama na mwenzako hata kama humpendi. Wale sita ni ndugu zangu mpaka leo. Mmoja akifiwa, natuma hela kabla sijaombwa. Na mmoja kidonda chake kilioza, akabebwa usiku kwa baiskeli hadi hospitali. Alipona. Hilo halikutungiwa wimbo.

Hayo ndiyo nilitaka kumwambia daktari, ila Kijerumani changu ni cha ghalani, cha kuhesabu maboksi. Na hata ningekijua, mwanangu atapata nini katika hayo? Atapata kisu tu, saa nne asubuhi, kisha nepi.

Sasa nyie mnaosema "huyo ameshakuwa Mzungu", hebu tuulizane. Huko mjini mnafanyaje siku hizi? Likizo ya Juni, mtoto anapelekwa zahanati, sindano ya ganzi, soda baridi, anarudishwa kwa bajaji, kesho yake yuko kwenye katuni. Mafumbo hajafundishwa, wimbo hajui hata mmoja, na wenzake aliotahiriwa nao hawakumbuki majina. Halafu mnanipigia simu kutetea mila! Mila mmeshaiacha, mmebaki na wembe. Silaumu, maana ganzi ni neema, mimi ni shahidi. Nasema tusidanganyane.

Mtasema Shirika la Afya Duniani limeshasema. Limesema kweli, mwaka 2007, baada ya tafiti za Afrika Kusini, Kenya na Uganda kuonyesha kwamba tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Lakini tafiti zile zilikuwa za wanaume waliokubali wenyewe, na mpango wenyewe kwetu ukaitwa tohara ya hiari. Hiari! Walifuatwa watu wa Iringa na kwingineko ambako haikuwa desturi, wakaombwa waache "mkono wa sweta", yaani govi. Sisi Wagogo tulikuwa tumeshakatwa zamani, na si kwa ajili ya ukimwi. Msiazime jibu la daktari kulipia deni la babu.

Mke wangu Mnyamwezi ananicheka tu. Anasema kwao Tabora babu yake hakukatwa na akazaa ukoo mzima.

Kuna jambo jingine, na hapa mtanirushia mawe. Sheria ya Tanzania ya 1998 ilipokataza kukeketa wasichana walio chini ya miaka 18, huko kwetu zilisikika hoja hizihizi: heshima, usafi, nani atamuoa. Silinganishi. Ukeketaji ni ukatili wa aina yake na haufanani na nilichofanyiwa mimi. Ila hoja zenyewe nilizitambua sauti, na nilizitambua mdomoni mwangu mbele ya daktari.

Wala msidhani nimewapigia magoti hawa. Kijana wa miaka 18 huku anapewa leseni na ufunguo wa gari, na hakuna mzee hata mmoja aliyemkalisha chini akamwambia sasa wewe ni mtu mzima, sikiliza. Nikiwaona kwenye tramu na masikio yamezibwa, naikumbuka ikumbi hadi machozi.

Jana nilimpigia baba mdogo. Nikamwambia tunangoja. Mtoto akikua tutamleta Juni mojawapo, aone, asikie nyimbo kama bado kuna wa kuziimba, aamue mwenyewe. Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Nilishamtenga beberu," akasema.

Nikamwomba amtunze.

"Beberu hatunzwi miaka kumi, mwanangu. Jumamosi nampeleka mnadani Msalato. Hela yake nakuwekea."