Mbao au kompositi: hoja iko kwenye gundi

Wapenzi wa ndege ndogo wanapobishana kuhusu mbao na kompositi, upande mmoja huitwa wa zamani na mwingine wa kisasa, na mjadala huishia hapo. Naona swali limekosewa. Mbao ni nyuzi za selulosi zilizoshikwa na lignini, gundi ya asili ya mti. Kompositi ni nyuzi za kioo au kaboni zilizoshikwa na resini, yaani plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu. Kwa maumbile ni ndugu. Na tofauti na Cessna ya alumini iliyopigwa ribiti kila upande, ndege za aina hizi mbili hushikwa na gundi. Ubora wa gundi hiyo, na uwezo wa fundi kuukagua miaka ishirini baadaye, ndicho kitu cha kupimwa kwanza.

Tuanze na namba, maana hapo mbao huonewa sana. Sprusi ya Sitka, mti unaoota pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini kuanzia Alaska hadi California, ina uzito wa takriban kilo 400 kwa mita ya ujazo. Alumini ina 2,700. Ukigawa ukakamavu wa kila moja kwa uzito wake, mbili hizo hukaribia kulingana. Faiba ya kioo haiipiti sprusi kwa kipimo hicho, hata nyuzi zake zikilazwa zote upande mmoja. Kaboni pekee ndiyo inayojitenga, kwa zaidi ya mara tatu. Tena, kwenye ngozi nyembamba ya bawa, ambayo hatari yake ni kujikunja ikibanwa, wepesi wa mbao ni faida nyingine: kwa uzito uleule unapata ubao mnene zaidi, na unene ndio unaozuia kujikunja.

Matokeo yake yanaonekana uwanjani. Robin DR400/180 ya Ufaransa, ambayo familia yake ilianza kuruka mwaka 1972, ina mifupa ya mbao na mabawa yaliyovikwa kitambaa. Ikiwa tupu ina takriban kilo 600, na inaruhusiwa kuruka na jumla ya kilo 1,100. Diamond DA40 ya Austria, ya faiba na kaboni, yenye nguvu ileile ya farasi 180 na viti vinne vilevile, ikiwa tupu inakaribia kilo 800, na kikomo chake ni kama kilo 1,150 hadi 1,200 kutegemea toleo. Ya mbao inabeba zaidi! Lakini haki itendeke: DA40 iliidhinishwa chini ya kanuni mpya zaidi, zinazotaka viti na chumba cha abiria vimkinge abiria ndege ikianguka, na ulinzi huo una uzito wake. Halafu msanifu wa kompositi hulazimika kuongeza tabaka kwa ajili ya joto, unyevu na makosa ya kiwandani. Sifa ya kaboni iliyopimwa maabara haifiki yote kwenye bawa.

Kuna wanaosema mbao haziwezi hali ya hewa ya kwetu. Historia inajibu kwa sehemu tu. Wilson Airways ilianza Nairobi mwaka 1929 ikitumia ndege za mbao za de Havilland, kampuni ya Uingereza, na East African Airways ilipoanza safari Januari 1946 ilikuwa na ndege sita za de Havilland aina ya Dominie, nazo za mbao na kitambaa. Kwa hiyo mbao ziliruka katika anga hii, zikabeba abiria na barua. Upande wa pili kuna Mosquito, ndege ya vita ya Uingereza iliyotengenezwa kwa plaiwudi ya mti wa birchi ikiwa na balsa, mbao nyepesi sana, katikati. Zilijengwa 7,781, na kwa mwendo zilikuwa miongoni mwa ndege za kutisha zaidi za wakati wake. Za mwanzo ziliunganishwa kwa kaseini, gundi itokanayo na maziwa, ambayo ukungu huila. Mwaka 1944 baadhi ya Mosquito zilivunjika angani huko India, na uchunguzi ukaelekea kwenye maungio ya gundi. Gundi za fomaldehidi, na baadaye za resosinoli na epoksi, zote za kemikali, zimeifuta sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Kisa kilichoziondoa mbao kwenye ndege za abiria za Marekani kilikuwa cha aina hiyohiyo. Tarehe 31 Machi 1931 Fokker F-10 ilianguka Kansas na kuua watu wanane, akiwamo Knute Rockne, kocha maarufu wa kandanda ya Kimarekani. Unyevu ulikuwa umeingia ndani ya bawa na kudhoofisha gundi. Serikali ikadai mabawa ya Fokker yakaguliwe mara kwa mara, na kwa kuwa yalifunikwa plaiwudi, kuyakagua kulimaanisha kuyafungua. Gharama ikayashinda mashirika. Ubao uliondoka kwa sababu ndani yake hapakuonekana.

Je, ndani ya kompositi panaonekana? Hapa ndipo nisipokubaliana na wanaoitangaza kama suluhisho. Kwanza nikiri ubora wake. Glaida (ndege isiyo na injini) fs-24 Phönix ilipopaa Ujerumani mwaka 1957, ya kwanza ya faiba, ilionyesha kuwa bawa linaweza kutoka kwenye kalibu likiwa laini na sahihi kuliko mkono wa seremala unavyoweza, na hewa ikapita juu yake kwa utulivu. Faiba haiozi, na mchwa hawaili. Kiwanda hutoa sehemu zinazofanana, moja baada ya nyingine, bila kumsubiri fundi bingwa achague ubao wenye nyuzi zilizonyooka. Kwa glaida za mashindano ubishi ulikwisha zamani.

Ila bawa hilo hugandishwa vipande viwili kwa gundi, na hakuna kipimo cha kutegemewa kinachoweza kusema gundi iliyokwisha kukauka ina nguvu kiasi gani. Mawimbi ya sauti huonyesha pengo. Hayaonyeshi maungio yaliyogusana bila kushikana. Ndiyo maana kanuni za Marekani zilimtaka msanifu athibitishe kwamba ungio likiachia, kuna kitu cha kulizuia lisiendelee, au kila kipande kijaribiwe kwa mzigo, au pawe na njia ya ukaguzi inayoaminika. Na kuna joto: resini hulegea, hasa ikiwa imenyonya unyevu, kwa hiyo ndege nyingi za aina hii hupakwa rangi nyeupe na hazipaswi kubadilishwa rangi ovyo. Chini ya jua la Mombasa au Dodoma, sharti hilo ni la kuheshimiwa.

Mbao zina sharti lake, nalo ni hanga, yaani banda la ndege. Ndege ya mbao inayolala nje kwenye mvua, vitundu vya kutolea maji chini ya bawa vikiwa vimeziba, imehukumiwa. Ikitunzwa, fundi hupima unyevu kwa kifaa kidogo, hunusa, hudunga kwa ncha ya chuma, na akikuta plaiwudi imeharibika huiunga kwa mshazari wa 1 kwa 12, yaani mkato wenye urefu mara kumi na mbili ya unene wa plaiwudi. Ufundi huo uko jirani na wa seremala yeyote makini. Kurekebisha kompositi kunataka resini isiyopitwa na muda, joto linalodhibitiwa na nyaraka za kiwanda. Kwa hiyo ningemshauri anayejijengea ndege moja, mwenye hanga, achague mbao. Shule ya urubani yenye ndege nyingi zinazoanikwa juani kutwa ningeielekeza kwenye kompositi, mradi iwe karibu na karakana iliyoidhinishwa kuirekebisha.

Kuna njia ya tatu, nayo imekwisha kujaribiwa. CAP 10, ndege ya sarakasi ya Ufaransa, ilikuwa na boriti ya bawa ya mbao iliyoelemewa na misukosuko ya kazi hiyo. Toleo la CAP 10C likaongezewa kaboni kwenye boriti na kubaki na mbao kwingine: kaboni pale mzigo ulipozidi, mbao pale zilipokuwa zinatosha.