Viza ya Kuingia Mara Moja kwa Safari ya Meli? Jamani!

Mawakala wa safari, hebu acheni hili. Mnawauzia mke na mume siku 21 za meli ya kitalii Mediterania, kuanzia Barcelona na kurudi hapohapo, halafu mnawajazia fomu ya viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya kuingia mara moja tu! Meli ikitia nanga Tunis au Istanbul, imeshatoka Schengen. Kurudi Barcelona ni kuingia mara ya pili.

Tazameni ile stika kwenye pasipoti. Kuna kisanduku cha idadi ya kuingia. Kikisomeka 01, safari imeharibika. Kwa njia kama hiyo kinatakiwa kisomeke MULT, yaani kuingia mara nyingi. Kampuni ya meli hukagua viza kabla ya kupandisha abiria, na wenye 01 hubaki gatini na masanduku yao, nauli ikiwa imekwenda.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Ada ni euro 90 kwa kila mtu mzima, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Ambatanisheni ratiba yote ya bandari, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mnaomba kuingia zaidi ya mara moja.

Na jina la mke, tafadhali! Pasipoti ina jina la baba yake, nyinyi tiketi mnaiandika kwa jina la mumewe. Fuateni pasipoti, herufi kwa herufi.