Kukarabati vitu vya kuchezea vya msaada: faida iko wapi, hatari iko wapi

Gari lisilo na gurudumu, mdoli uliong'oka jicho, matofali ya plastiki yaliyojaa vumbi: vitu hivi vikipata mtu wa kuviosha, kuvishona na kuvigundisha, vinaweza kumfaa mtoto ambaye mzazi wake hana cha kumnunulia. Naiunga mkono kazi hiyo, ila si yote.

Matofali ya plastiki ndiyo hoja nzito ya wanaoitetea. Yanadumu miongo mingi, na mwaka 2019 LEGO, kampuni inayoyatengeneza, ilianzisha Marekani mpango wa kukusanya yaliyotumika, kuyachambua, kuyaosha na kuwagawia watoto. Hata hivyo, mwaka 2018 Andrew Turner wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, alichapisha vipimo vya vichezeo vya mitumba vya plastiki vipatavyo 200, akakuta madini yenye sumu, kadimiamu na risasi, katika baadhi yake, hasa vyekundu, vya njano na vyeusi. Sabuni huondoa uchafu. Madini yaliyomo ndani ya plastiki hubaki palepale. Vya zamani ndivyo vyenye uwezekano zaidi wa kuwa nayo, kwa hiyo umri wa kichezeo ni muhimu kuliko unadhifu wake, na cha zamani chenye rangi inayobanduka hakifai kupakwa upya. Kitupwe.

Kuna ukarabati unaozidisha hatari. Kichezeo kilichokufa hakimdhuru mtu kwa umeme, lakini fundi akikitia betri mpya, ile ndogo bapa mithili ya kitufe, na kifuniko hakina skrubu, mtoto anaweza kuimeza. Ndani ya saa 2 tu huweza kuunguza vibaya koo lake.

Wanaopinga husema mtoto maskini naye anastahili kipya. Sikubaliani nao moja kwa moja, maana mtoto hajali risiti. Lakini fumbo la picha lililopotea vipande humnyima furaha ya kulimaliza, na hilo ni kumdharau. Wana hoja pia kuhusu mizigo ya kutoka ng'ambo: nauli ya kontena ingemlipa seremala wa hapahapa atengeneze magari ya mbao. Vinavyokusanywa na kukarabatiwa mjini mwetu, sawa. Vya kusafirishwa baharini, hapana.

Linalonisumbua zaidi ni vituo vya watoto. Mlezi akiona gunia la takataka hupokea na kushukuru, kwa kuwa mfadhili huyohuyo ndiye huenda akaleta unga mwezi ujao. Wanaotoa watangulie kumwambia kwamba akikataa, unga utakuja vilevile.