Upweke katika rap ya Ujerumani: anaambiwa nani?

Kijerumani kina maneno mawili ambayo msikilizaji wa rap ya huko hukutana nayo kila mara: allein, peke yako, na einsam, mpweke. Unaweza kukaa peke yako chumbani moyo umetulia, na ukawa mpweke katikati ya umati. Rapa anapochana kwamba amejitenga na watu, ubishi huanzia hapo: anajivunia, au anaomba mtu abishe hodi?

Wanaoutetea muziki huu wana hoja nzito. Chukua albamu ya rapa Mjerumani Casper, XOXO, iliyoshika namba moja Ujerumani mwaka 2011. Ndani yake umo wimbo "Michael X", ambamo Casper, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, anazungumza na rafiki aliyejiua kana kwamba bado yupo mbele yake. Mvulana aliyekuzwa akiambiwa kulia ni udhaifu anapata pale maneno ambayo nyumbani hakuyasikia. Miaka mitatu baadaye Sierra Kidd, rapa kijana wa mji wa Emden ambaye hakuwa hata na miaka 18, aliipa albamu yake jina la Nirgendwer, neno lililounganishwa kutoka "hakuna mahali" na "nani". Sina moyo wa kumwambia kijana wa namna hiyo kwamba anadeka.

Lakini kuna aina nyingine ya nyimbo za upweke, na hiyo inanitia hofu. Marafiki wote nyoka, dunia nzima wanafiki, simhitaji mtu. Sikiliza viwakilishi tu. Casper anasema "wewe". Marapa hawa wanasema "wao", wimbo baada ya wimbo, hadi kujitenga kunageuka cheo. Msikilizaji aliyejifungia tayari anaongezewa kufuli.

Wapo wanaojibu kwamba kutoa ya moyoni ni dawa. Ningependa iwe hivyo. Rapa Haftbefehl wa mji wa Offenbach, ambaye baba yake alijiua yeye akiwa bado kijana, amechana kuhusu giza hilo kwa miaka mingi. Filamu ya maisha yake iliyotoka 2025 inamwonyesha akiwa ameumizwa vibaya na kokeini, pamoja na umaarufu wote ule. Mistari ilisema kweli, ila haikumtibu.

Hata hivyo, siwezi kuuhukumu uchungu kwa jumla, kwa sababu wengine hawakujitenga, walitengwa. Mwaka 1992, mwaka ambao makazi ya wageni yalishambuliwa na kuchomwa moto Lichtenhagen, mtaa wa mji wa Rostock, kundi la Advanced Chemistry la Heidelberg lilitoa "Fremd im eigenen Land", yaani mgeni katika nchi yangu mwenyewe. Mchanaji ana pasipoti ya kijani yenye tai wa dhahabu, ya Ujerumani kabisa, na bado anaonekana mgeni. Kumwambia huyo apunguze uchungu ni kumwonea mara ya pili.

Wimbo ule una hasira na una "wao" wa kutosha, jambo linaloitikisa hoja yangu ya viwakilishi. Ila hakuchana mtu mmoja. Walikuwa watatu: Torch mwenye asili ya Haiti, Linguist ya Ghana, Toni L ya Italia. Mmoja akimaliza ubeti wake, mwenzake anaupokea.